Nyuzi, Sumaku na Unyevu: Sauti ya Gita Kongwe la Besi

Wimbo wa "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, uliorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1970, bado unapigwa kwenye arusi, mabaa na magari ya abiria kote Afrika Mashariki. Kasongo katika wimbo ule ni jina la mtu, wala wimbo hauhusu mji wa Kasongo ulioko kusini mwa jimbo la Maniema. Hata hivyo, mtu wa Wamaza au Kabambare anayeusikiliza kwenye simu ndogo, akisukuma baiskeli yake barabarani, anakutana na jambo linalostahili kuulizwa. Uzi mnene kuliko yote wa gita la besi, ule wa mi, ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa kwa mwendo huo. Mbona basi besi inasikika?

Inasikika kwa sababu uzi hautoi sauti moja tu. Pamoja na ile ya msingi hutoa nyingine juu yake: ya mitikisiko 82 kwa sekunde, ya 124, ya 165, na kuendelea hadi maelfu. Simu hupitisha zile za juu, na ubongo wa msikilizaji, uliozoea jinsi zinavyofuatana, hujazia wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Habari nzima ya gita kongwe la besi imejificha hapo, kwa kuwa sauti hizo za juu ndizo hufa kwanza. Besi iliyochoka huweza kuunguruma vizuri mbele ya bafle kubwa ukumbini, halafu kwenye simu isisikike kabisa.

Wapenzi wa muziki husema gita likizeeka sauti yake hukomaa. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila watu wengi huutafuta ukweli huo mahali pasipo pake. Husifu mbao. Wachache huangalia nyuzi, sponji, waya wa shaba na karatasi ya spika, vitu duni visivyopigwa picha, na ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mabadiliko.

Gita la besi la umeme lenyewe si chombo cha zamani sana. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza moja katika miaka ya 1930 lakini halikuenea. Aliyelieneza ni Leo Fender wa Fullerton, California, alipoanza kuuza Precision Bass mwaka 1951: kiwiliwili cha ubao mzima usio na tundu la sauti, shingo yenye freti, na nyuzi nne zenye urefu wa sentimita 86 hivi kati ya ncha mbili zinakoshikiliwa. Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Huko Ujerumani kampuni ya Höfner ilikuwa imeshatoa besi yake yenye umbo la fidla mwaka 1956. Kabla ya hapo, mpiga besi wa dansi alisimama na besi kubwa ya mbao inayomzidi kimo. Ndivyo alivyokuwa Augustin Moniania, aliyejulikana kama Roitelet, mmoja wa wapigaji wa mwanzo wa besi katika studio za Léopoldville, mji unaoitwa sasa Kinshasa. Mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga gita Mbelgiji, alileta gita la umeme katika mji huo, na muziki wa Kongo ukageuka.

Upande wa mashariki wa nchi ulikuwa na njia yake. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, hapakuwa na mpiga besi. Kidole gumba cha Bosco ndicho kilichopiga sauti nzito huku kidole cha pili kikicheza nyimbo juu yake, vyote katika gita moja la kawaida. Miaka 20 baadaye wanamuziki wa Kongo waliovuka mipaka kuelekea Dar es Salaam na Nairobi walikuta, na wakaendeleza, bendi za magita matatu ya umeme na besi chini yake. Ramazani Mtoro Ongala, yaani Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, Maniema, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Albamu yao ya mwaka 1989, "Songs for the Poor Man", ilirekodiwa Uingereza katika studio ya Real World. Aliyezoea kanda za bendi hizo zilizorekodiwa redioni Dar es Salaam akisikiliza albamu hiyo ataona besi imesimama wazi, kila noti na mwanzo wake na mwisho wake. Studio bora ni sababu mojawapo. Hali ya chombo chenyewe ni nyingine.

Nyuzi ndizo za kuangaliwa kwanza.

Uzi wa besi una kiini cha chuma, kilichozungushiwa waya mwingine kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 karibu besi zote za umeme zilifungwa nyuzi bapa, ambazo waya wake wa nje ni utepe laini usiokwaruza kidole. Sauti yake ni nene, fupi, ya kudunda. Mwaka 1966 John Entwistle wa bendi ya The Who alifanya kazi na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kupata nyuzi za waya wa mviringo zinazolia kwa ukali karibu sawa na piano. Mtindo huo ulienea, na miaka kumi baadaye besi ya dansi ilikuwa na sauti mbili tofauti duniani: ile ya kudunda na ile ya kulia. Gita lilikuwa lilelile.

Nyuzi mpya za mviringo huwa na mng'ao kwa siku chache tu. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huingia katikati ya mizunguko ya waya na kukaa humo. Uchafu huo huongeza uzito usio sawa kwenye uzi na huzuia mizunguko isisogee huru, na mtikisiko wa haraka ndio unaozimwa kwanza, kwa sababu unahitaji uzi ujikunje mara nyingi katika urefu mdogo. Chumvi ya jasho huleta kutu. Freti nazo huchonga vijishimo upande wa chini wa uzi, hivyo noti ya freti ya tano ikaanza kutofautiana kidogo na pale inapopaswa kuwa. Mpigaji hasikii siku sauti ilipobadilika. Anagundua tu kwamba anapiga kwa nguvu zaidi kuliko mwaka jana.

Katika miji ambako seti ya nyuzi za besi ni ghali, wapigaji huchemsha za zamani. Huzifungua, huziweka katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kumi hivi, huzikausha na kuzifunga tena. Njia hii inafanya kazi kweli, kwani maji ya moto huyeyusha mafuta na kutoa uchafu uliojificha. Lakini haiondoi vijishimo wala uchovu wa chuma, na mng'ao uliorudi huondoka upesi kuliko ule wa kwanza. Baada ya kuchemshwa mara kadhaa uzi hukatika karibu na kigingi, mahali ulipokunjwa. Nyuzi zilizovikwa hariri kwenye ncha zake hazifai kuchemshwa, maana hariri hunyonya maji na kutu huanzia hapo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na jina lake ni James Jamerson. Huyu ndiye aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Precision Bass yake ya mwaka 1962 ilifungwa nyuzi bapa nene za La Bella, na hakuzibadilisha isipokuwa zilipokatika. Uchafu wa miaka aliuona kuwa sehemu ya sauti yake. Nyuzi bapa huzeeka kwa adabu kuliko za mviringo, kwa kuwa hazina mifereji ya kushika jasho: hupoteza ukali mdogo zilionao mapema, kisha hukaa palepale kwa miaka. Gita hilo liliibwa siku chache kabla Jamerson hajafariki, Agosti 1983, na halijaonekana hadharani tena. Leo watu hununua magita ya mwaka uleule wakitafuta sauti ile, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa kwenye nyuzi chafu na kidole kimoja cha mkono wa kulia.

Jamerson alikuwa na kitu kingine ambacho wanunuzi wa besi kongwe hukisahau. Chini ya kifuniko cha chuma kinachofunika daraja la nyuzi, Fender waliweka kipande cha sponji kinachogusa nyuzi. Sponji ile ilifupisha noti na kuifanya besi ya umeme ifanane na besi kubwa ya kusimama, jambo ambalo wapigaji wa wakati huo walilitaka. Sponji haidumu. Baada ya miaka 15 au 20 huwa unga unaonata, kisha hudondoka. Wengine walitoa kifuniko chenyewe ili mkono upate nafasi. Kwa hiyo besi ya mwaka 1962 inayopigwa leo bila sponji hurefusha noti kuliko ilivyofanya ilipotoka kiwandani, na mtu anayesema muda ndio ulioipa pumzi ndefu anasifu pengo lililoachwa na kipande cha sponji kilichooza. Anayetaka sauti ya zamani hana haja ya fedha nyingi: sponji ya godoro ikikatwa vizuri na kuingizwa chini ya nyuzi karibu na daraja huirudisha kwa dakika tano.

Baada ya nyuzi huja mikro, kama wapigaji wa Kongo wanavyokiita kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huusogeza uga wake, na umeme mdogo huzaliwa katika waya. Hakuna kingine. Konono N°1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, walithibitisha urahisi wa kanuni hiyo walipotengeneza mikro za likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari chakavu na waya wa shaba, na sauti yao ya kukwaruza ikazunguka dunia.

Sumaku iliyotumika katika mikro za Fender za miaka ya 1950 na 1960 huitwa alniko. Ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Katika alniko ya aina ya tano, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi, karibu robo ya uzito ni kobalti. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Katanga. Haiwezekani kuonyesha kwamba sumaku ya gita fulani ilitoka katika mgodi fulani, lakini mpiga besi wa Lubumbashi aliyenunua Fender ya mwaka 1960 alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba kitu cha nchi yake kimerudi nyumbani kikiwa kimevaa chuma cha Marekani.

Inasemwa sana kwamba sumaku hudhoofika kwa miaka na kwamba udhaifu huo ndio utamu wa besi kongwe. Alniko ikiachwa bila kusumbuliwa hupoteza nguvu kidogo mno, kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua kirahisi. Kinachoidhoofisha hasa ni sumaku nyingine. Gita likilazwa usiku baada ya usiku juu ya bafle lenye sumaku kubwa, au mikro mbili zikihifadhiwa zimegusana kwa ncha zinazosukumana, hapo nguvu hupungua kweli. Sauti huwa ya chini zaidi na laini zaidi. Wapo wanaoipenda, na hawana kosa, ila waliyoipata ni kazi ya uzembe wa kuhifadhi, wala umri hauhusiki.

Waya wa shaba ndio wenye maradhi. Umevikwa ganda jembamba la enameli, na ganda hilo likipasuka mizunguko hugusana. Umeme unapita njia ya mkato, mikro inapoteza nguvu, na sauti inakuwa nyembamba. Maradhi makubwa zaidi huanzia pale waya huo unapounganishwa na waya mnene wa kutokea: jasho likifika hapo shaba huota ukungu wa kijani, na siku moja mikro inanyamaza. Fundi redio yeyote mwenye mita anaweza kupima. Mikro ya Precision iliyo hai hutoa kipimo cha kiloomu 10 hadi 12 hivi. Ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, waya umekatika mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni pale mwisho, panapoweza kulehemiwa upya bila kuisuka mikro nzima. Bati la kulehemia nalo si geni Maniema: kasiteriti, yaani madini yanayotoa bati, ya Kalima na sehemu nyingine za jimbo ilichimbwa na kampuni ya Symétain tangu miaka ya 1930.

Hapa historia ya Kongo inaingia tena, safari hii kwa mlango wa vita. Mei 1978 waasi waliotokea Angola walivamia Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Wanunuzi wa kobalti walishikwa na hofu, na katika muda mfupi bei ilipanda zaidi ya mara tatu. Viwanda vya spika vilivyotegemea sumaku za alniko vikakimbilia feriti, sumaku ya bei nafuu isiyo na kobalti. JBL ya Marekani ilikuwa na spika ya besi iliyopendwa sana, K140 ya alniko. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mahali pake palichukuliwa na E140 ya feriti. Kwa hiyo anayelinganisha besi ya santuri ya mwaka 1975 na ya mwaka 1985 na kusikia tofauti asilaumu gita peke yake. Vita vya Kolwezi viligusa hata spika za kumbi za Ulaya na Marekani, na historia hii ya muziki inastahili kufundishwa Kongo kwenyewe.

Spika ni nusu ya sauti ya besi, na inazeeka haraka kuliko gita. Koni yake ni karatasi. Kwa kupigwa miaka mingi karatasi na ukingo wake hulegea, hivyo hushuka chini zaidi na kupoteza ukali wa katikati. Unyevu huifanya nzito. Katika mazingira ya Kasongo, ambako mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei na kiangazi halisi ni Juni hadi Agosti, bafle linalokaa kwenye sakafu ya udongo hunywa maji ya hewa miezi tisa. Panya na mchwa ni habari nyingine.

Ndani ya ampli ya valvu hali ni hiyohiyo. Kapasita kubwa zinazotuliza umeme zina majimaji ndani yake yanayokauka; maisha yake hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa digrii kumi. Ampli yenye kapasita zilizokauka huguna, na noti ya besi ikipigwa kwa nguvu inazama kwanza, kisha inaibuka. Wapo wanaoipenda hali hiyo pia. Ni dalili ya hatari hata hivyo, kwani kapasita iliyokufa inaweza kuua transfoma. Jenereta inayopanda na kushuka huongeza madhara. Na neno moja kwa fundi: ampli ya valvu huweza kushika volti zaidi ya 400 ndani yake hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Asiyejua namna ya kuzimaliza asiifungue.

Katika gita lenyewe kuna vifundo, cha ukubwa wa sauti na cha ukali wake. Ndani yake mna utepe wa kaboni ambao kigusio huusugua kila kifundo kinapozungushwa. Utepe ukichakaa kifundo hukwaruza, na thamani ya ukinzani wake kwa umeme huhama taratibu. Ikishuka, sauti inakuwa butu. Ikipanda, inakuwa kali. Hii nayo ni sababu ya besi mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, kutofanana zikifika umri wa miaka 50.

Na mbao? Hapo ndipo mabishano huwa makali, na haki inataka pande zote zisikilizwe. Ni kweli kwamba ubao hubadilika. Sehemu zake zinazonyonya maji huharibika polepole kwa miaka, hivyo ubao mkongwe hunyonya unyevu kidogo kuliko mpya na hutulia zaidi. Kwa fidla au gita lisilo la umeme, ambalo ubao wake ndio unaosukuma hewa, mabadiliko hayo yana maana kubwa. Besi ya umeme ni chombo kingine: mikro haisikii ubao, inasikia uzi. Ubao huingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa kuunyang'anya uzi nguvu zake pale mtikisiko wa shingo unapokaribiana na wa noti fulani. Mtafiti Mjerumani Helmut Fleischer alilipima jambo hili katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba noti zinazokufa mapema katika magita ya umeme hutokana hasa na shingo. Katika besi nyingi za aina ya Fender mahali hapo ni karibu na freti ya tano hadi ya saba ya uzi wa sol. Mpigaji yeyote anaweza kujaribu: apige freti ya tano ya uzi huo, kisha ya tatu, asikilize ipi inaishi muda mrefu. Uzito mdogo ukibanwa kwenye kichwa cha gita, mahali penye noti mfu huhama.

Shingo ikikauka au kulowa, mpindo wake hubadilika, nyuzi hukaribia au kuachana na freti, na mpigaji hulazimika kubadilisha nguvu ya mkono. Ndani ya shingo nyingi mna nondo ya chuma ya kurekebisha mpindo huo. Isikazwe zaidi ya robo mzunguko kwa wakati mmoja, na nyuzi zilegezwe kwanza. Shingo za zamani huharibiwa na fundi mwenye haraka, si na mvua tu.

Kuna sababu moja zaidi inayofanya magita makongwe yaonekane bora, na haihusu fizikia. Mabaya yalitupwa. Gita lililotoka kiwandani na shingo iliyopinda au mikro dhaifu liliuzwa kwa bei ya chini, likakatwa vipuri, likasahaulika. Lililolia vizuri lilitunzwa, likarithiwa, likapigwa kila wiki. Anayekutana leo na besi tatu za miaka ya 1960 amekutana na zilizochujwa na miaka 60 ya masikio ya watu.

Vyombo vya muziki hufika kusini mwa Maniema kwa njia ndefu: kwa meli kutoka Kigoma hadi Kalemie kisha kwa reli ya zamani kupitia Kabalo na Kongolo, au kwa barabara kutoka Uvira kupitia Fizi hadi Kabambare. Gita linalopita njia hizo hugongwa, hulowa na hupigwa jua kabla halijafika. Kwaya za parokia na bendi za arusi hulipokea likiwa na historia isiyoandikwa. Inawezekana kabisa mikononi mwao mna chombo cha thamani bila mwenyewe kujua, na namna ya kukitambua si ngumu. Chini ya vifundo vya magita mengi ya Marekani mna namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba kama 1376634 husomwa hivi: 137 ni kiwanda cha CTS kilichotengeneza kifundo, 66 ni mwaka 1966, 34 ni wiki ya mwaka huo. Gita lenyewe haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kifundo chake, isipokuwa kama kilibadilishwa, na madoa ya kulehemu kwa mara ya pili hulionyesha hilo.

Kinachosikitisha ni vipuri vinavyotupwa. Mikro ya zamani ikinyamaza hung'olewa, inawekwa mpya ya bei nafuu, na ile ya alniko inaishia mikononi mwa watoto wanaochezea sumaku. Kapasita ya asili na vifundo hufuata. Baada ya matengenezo mawili ya namna hiyo gita limebaki na ubao wake tu, sehemu ambayo katika besi ya umeme ina mchango mdogo kuliko zote.

Kwa hiyo mwenye besi ya zamani Kasongo, Kabambare au Wamaza, kabla hujasema imeisha, fuata utaratibu huu. Badilisha nyuzi, au zichemshe ukikosa mpya. Zungusha vifundo mara nyingi ili utepe ujisafishe. Jaribu gita kwenye ampli na bafle la mtu mwingine, usikie kama ugonjwa unahama nalo. Pima mikro kwa mita. Gita libaki likining'inia ukutani, mbali na sakafu na mbali na bafle, na lifutwe jasho kila baada ya kupigwa. Kama mikro imekufa na fundi ameweka nyingine, mwambie akupe ile ya zamani, uifunge kwenye kitambaa kikavu na kuiweka ndani ya mfuko wa gita pamoja na karatasi yenye tarehe. Itasukwa upya siku ukimpata anayeweza. Na kabla hujagusa kitu chochote, lirekodi gita kwa dakika tano jinsi lilivyo, uzi kwa uzi, freti kwa freti, hata kama ni kwa simu.